Kumpendekeza Raia kwa Nishani ya Order of Canada

Order of Canada, nishani ya heshima ya Kanada kwa watu waliotoa mchango mkubwa, ilianzishwa mwaka 1967 na ina madaraja matatu: Companion, Officer na Member. Yeyote anaweza kupendekeza jina, lakini huwezi kujipendekeza mwenyewe, wala kumpendekeza marehemu. Wanasiasa na majaji hawapokelewi wakiwa bado madarakani.

Jaza fomu ya tovuti ya Gavana Mkuu wa Kanada. Kiini chake ni maelezo ya mchango, na hapo ndipo wengi hukwama: huorodhesha vyeo, na baraza la ushauri, linalopitia mapendekezo, halioni kilichobadilika. Andika alifanya nini, tangu lini, nani walinufaika, na hali ingekuwaje bila yeye. "Ana moyo wa huruma" haitoshi. "Alianzisha zahanati, akaiendesha miaka 20" ina uzito.

Tafuta wadhamini, yaani watu wa kuunga mkono pendekezo lako, wanaoijua kazi yake kwa pande tofauti. Watatu wa ofisi moja watarudia yaleyale.

Usimwambie mhusika, kwani mchakato ni wa siri na unaweza kupita mwaka mmoja na nusu. Kama amejitolea bila malipo mtaani kwake, huenda Sovereign's Medal for Volunteers, nishani ya Kanada kwa wanaojitolea, ikamfaa zaidi.