Somo: Reakta ndogo ya jua kwa sahani na bilauri

Mwanakemia Giacomo Ciamician alikuwa akianika chupa za kemikali kwenye paa la maabara yake Bologna, Italia. Mwaka 1912 aliandika kwamba jua linaweza kushika nafasi ya makaa ya mawe viwandani. Reakta ni chombo ambamo kemikali hubadilika; yetu ni ya kupausha rangi kwa jua. Jaribio letu ni dogo, ila angalieni sana kina cha maji.

1. Tia ml 1 ya methilini bluu (rangi ya buluu ya maabara) ya asilimia 1 kwenye lita moja ya maji. Vaa glavu, rangi hii ikishika kidole haitoki upesi.

2. Pima ml 200 mara nne: sahani tatu pana za kioo na bilauri moja ndefu. Maji yanayobaki ni ya kulinganishia. Tia gramu 0.2 za unga wa oksidi ya zinki kila chombo, isipokuwa sahani moja. Sahani moja yenye unga ifunike kwa foili.

3. Viache vyote gizani nusu saa, ukikoroga. Unga wenyewe hunyonya rangi kiasi. Ukiruka hatua hii utalisifia jua bure.

4. Anika kuanzia saa tano asubuhi. Koroga mara kwa mara. Weka alama ya usawa wa maji na uongeze yaliyokauka, maana maji yakipungua rangi hukolea.

5. Kila nusu saa chota kidogo, acha unga utuame, kisha linganisha juu ya karatasi nyeupe.

Sahani ya wazi yenye unga hutangulia kupauka. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huamsha elektroni za oksidi ya zinki, na hizo, pamoja na maji na oksijeni, huzaa chembe kali zinazovunja rangi. Kwenye bilauri mionzi huishia juu, chini giza. Ndiyo maana reakta yenye umbo la jani iliyotengenezwa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2016 ina vijifereji vyembamba.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, naweza kutumia rangi nyeupe ya ukutani yenye titani badala ya unga wa zinki?
Hapana. Chembe zake kwa kawaida hufunikwa makusudi zisile rangi ya ukuta.

— Sahani isiyo na unga nayo imepauka kidogo. Nimekosea?
Hujakosea. Methilini bluu hufifia juani yenyewe, ila polepole. Toa kiasi hicho kwenye hesabu yako.

— Maji yakishakuwa meupe yanafaa kunywa?
Hayafai kabisa, wala usiyamwage mtoni. Zinki hudhuru samaki. Acha unga utuame, uutumie tena.