Kupanga na Kufundisha Timu ya Shule Yenye Wachezaji Pungufu

Msimu wa korosho ukichanganya, mwalimu wa michezo wa Tandahimba, Newala au Ruangwa anaweza kujikuta na watoto 9 kiwanjani, wengine wako shambani na wazazi wao. Asiyekuwepo hana kosa, na jezi yake asinyang'anywe. Wapange waliopo. Timu pungufu huumia zaidi pale watoto wachache wanapotawanyika uwanja mzima kana kwamba wako 11, kwa hiyo karibu kila kitu utakachofundisha ni namna ya kukaa karibukaribu.

Anza na karatasi. Sheria namba 3 ya mpira inasema mechi haianzi timu ikiwa na wachezaji chini ya 7, kipa akiwemo. Ukianza pungufu, aliyechelewa anaweza kuingia akifika, lakini kwenye mashindano yanayotaka majina yatolewe kabla, lazima awe ameandikwa kwenye orodha mpira haujaanza. Mwandike kila mwenye uwezekano wa kufika, hata ambaye bado yuko njiani kwenye bodaboda. Mkibaki 7, kadi nyekundu moja inamaliza mechi. Hapo piga marufuku kukaba kwa kuteleza.

Ukiwa na 9, cheza 4-3-1, yaani mabeki wanne, viungo watatu na mshambuliaji mmoja, kipa hahesabiwi. Ukiwa na 8, 3-3-1. Ukiwa na 7, 3-2-1. Walimu wengi wakipungukiwa hutoa kiungo ili wabaki na washambuliaji wawili, nasi hatukubaliani na hilo: katikati pakiwa wazi, mabeki wanapokea mashambulizi ya ana kwa ana dakika zote. Punguza mawinga kwanza, kisha mshambuliaji wa pili. Eneo la penalti lina upana wa mita 40 hivi; mabeki wanne wakiligawana, kila mmoja ana mita 10, na hizo mtoto wa darasa la sita anazimudu. Wapinzani waachieni pembeni kabisa, karibu na mstari. Mpira ulioko huko haufungi goli mpaka urudi kati, na kati mpo.

Zoezi la kuwafundisha hilo linahitaji kamba ya katani ya mita 24. Piga fundo kila mwisho, na mafundo mengine mawili katikati, ili kila fundo liwe mita 8 kutoka kwa mwenzake. Mabeki wanne washike kila mmoja fundo lake kwa mkono, bila kujifunga. Wewe tembea na mpira mbele yao, kulia, kushoto, mbele, nyuma, nao wakufuate kwa kutembea. Kamba ikikaza, kuna aliyechelewa. Ikiburuta chini, wamebanana. Dakika 5 zinatosha, kisha waiache kamba na warudie wakikimbia polepole. Mtoto anaujua umbali kwa mkono haraka kuliko kwa kuelezwa. Wakishaelewa, waweke viungo watatu mbele yao, mita 10 hivi. Mechi nzima, kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji isizidi mita 30 mnapokuwa hamna mpira.

Kosa litakalojitokeza mapema ni mabeki kurudi nyuma kwa woga hadi miguuni mwa kipa. Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, kipa mdogo hawezi kulifunika, hivyo shuti lolote la karibu ni hatari. Mpe kipa kazi ya kupiga kelele “Tokeni!” kila mpira unapoondolewa, na mabeki wapande pamoja mpaka utulie. Kosa jingine ni mshambuliaji kuwakimbiza mabeki wa wapinzani peke yake. Anachoka dakika 10 za mwanzo, na mkipata mpira hamna wa kumpa.

Huyo mshambuliaji asimame kwenye mstari wa katikati au nyuma yake kidogo. Aliye ndani ya nusu yake wakati pasi inapigwa hawezi kuotea (ofsaidi), na mabeki wa timu iliyojaa hupanda sana. Pasi ya kwanza mkinyang'anya mpira iende upande usio na watu, ya pili ndiyo irefushwe nyuma ya beki. Tumieni pia mpira wa kurusha: anayeupokea moja kwa moja hahesabiwi kuotea, kwa hiyo aende nyuma ya beki wa mwisho, kandokando ya mstari.

Mazoezi yaanze saa 10:30 jioni, jua likipungua, yasizidi dakika 70, kwa sababu viwanja vyetu vingi vina mchanga unaokata miguu. Vifuu vya nazi vinatosha kuwekea alama. Cheza 4 dhidi ya 3 katika mita 25 kwa 20: watatu wanalinda, wakiupata mpira wapige pasi tatu kabla hawajaupoteza. Andaa makipa wawili. Kwa kuwa benchi halina mtu, kila baada ya dakika 10 mshambuliaji abadilishane nafasi na kiungo wa pembeni ambaye hajachoka sana. Mpira ukisimama kwa muda, kila mtoto anywe nusu kikombe cha maji, asisubiri kiu.

Mechi ya kirafiki omba mcheze 9 kwa 9, kiwanja mkikate hadi mita 65 kwa 45. Na kusi likivuma, mkishinda kurusha shilingi chagueni kuanza dhidi ya upepo, miguu ikiwa bado mipya. Kipindi cha pili, wakati kila mtu amechoka, upepo utausaidia mpira wa kipa kufika mbali.