Daftari la moshi: kufuatilia hewa ya kiwanda inayowaumiza kifua

Anayeishi mitaa ya Nairobi kama Lunga Lunga, Mukuru kwa Reuben au Baba Dogo hana haja ya kuambiwa kwamba moshi wa viwanda unaumiza. Anachokosa ni kumbukumbu. Nenda ofisini useme "tunaumia", utaulizwa ni lini, saa ngapi, upepo ulitoka wapi, na kwa nini isiwe ni jiko lako mwenyewe. Daftari la kawaida, likijazwa kila siku kwa wiki sita, hujibu yote hayo.

Chora safu sita: tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokwisha, upepo, rangi na harufu, nani aliugua na alihisi nini, na ya mwisho, ambayo wengi huiruka, kitu kingine kilichokuwa kikiungua siku hiyo. Humo andika jiko la mkaa la jirani, takataka zilizochomwa kando ya mto Ngong, malori yaliyotimua vumbi. Utaona kama unampa mwenye kiwanda silaha, kumbe safu hiyo ndiyo inayofanya zile nyingine ziaminike. Siku ambazo hewa ni safi nazo ziandikwe. Daftari la siku mbaya tupu halina cha kulinganishwa nacho. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uandike pembeni. Usichane ukurasa wala kupaka wino mweupe.

Upepo usiubahatishe. Funga uzi wa sufu kwenye fito inayopita paa kwa mita mbili, kwa sababu chini ya hapo upepo hugonga mabati na kuzunguka ovyo. Dira ya simu isome ukiwa mbali na mabati na nondo, maana chuma huivuta. Andika upepo unakotoka, si unakoelekea. Nairobi upepo mwingi hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo siku unapogeuka ni ya thamani: kama kikohozi kinapungua nyumbani kwenu na kuanza kwa wa upande wa pili, umepata jambo. Amka pia alfajiri mara mbili tatu kwa wiki. Usiku hewa ya baridi hulala chini ya hewa yenye joto na moshi ukakosa njia ya kupanda, hasa Juni hadi Agosti. Anayeangalia saa nane mchana tu hukosa saa mbaya kuliko zote.

Kabla ya kuandika "moshi mweupe", tazama mdomo wa bomba. Mvuke wa maji huacha pengo dogo hapo mdomoni, hutokea mbele kidogo, kisha hutoweka ghafla. Moshi wenyewe huanzia mdomoni na kuburura mkia mrefu unaofifia polepole. Moshi mweusi ni dalili ya kitu kisichoungua kikamilifu. Piga picha jua likiwa mgongoni mwako. Ukilielekea jua, hata moshi hafifu utaonekana mweusi na picha itakataliwa.

Sasa kifua. Kwa mwenye pumu, kifaa chenye faida kubwa ni ile mita ndogo ya plastiki ya kupuliza, inayopima nguvu ya pumzi. Mtoto wa miaka sita hivi anaweza kufundishwa kuitumia. Asimame, rudisha kishale sifuri, avute hewa hadi mwisho, abane midomo kwenye mdomo wa mita, apulize mara moja kwa nguvu na haraka. Arudie mara tatu, nawe uandike namba ya juu kabisa, si wastani. Iwe asubuhi na jioni, kabla ya inhela. Namba zikirukaruka sana, mara nyingi ulimi umeziba tundu au kidole kimezuia kishale. Wiki mbili za siku nzuri zitakuonyesha kipimo chake bora. Akishuka chini ya asilimia 80 ya hicho, fuata dawa alizoelekezwa na umpeleke kliniki. Chini ya 50, inhela ya dharura na hospitali papo hapo. Kila mkienda kliniki, omba tarehe na ugonjwa viandikwe kwenye kitabu chake. "Homa" peke yake haitawasaidia baadaye.

Mkichanga mkanunua vipima vumbi vya bei nafuu vinavyotumia mwanga wa leza, nunueni viwili. Viwekeni pamoja siku tatu kwanza mjue vinavyotofautiana, kisha kimoja kiende upande upepo unakotokea na cha pili upande unakoelekea, kiwanda kikiwa katikati. Urefu uwe mita mbili hadi tatu, kivulini, hewa ikipita, mbali na jiko na stendi ya matatu. Asubuhi ya ukungu chembe hunyonya maji zikavimba, nacho kifaa kikasoma juu kuliko ukweli. Saa hizo zitie alama. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa mwaka. Namba ya dakika moja usiilinganishe na hizo.

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Barakoa ya N95 huzizuia ikibana uso vizuri, lakini gesi hupita.

Kiwanda kikiyeyusha betri kuukuu, tatizo kubwa ni madini ya risasi, na mtoto anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote. Omba apimwe damu ya mshipa, kwa kuwa ya kidole huchafuliwa na vumbi la ngozi. Kuanzia maikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliopata sumu hiyo walishinda kesi mwaka 2020 na mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Malalamiko yaende NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uthibitishe kuwa umeumia ndipo uende mahakamani, lakini daftari ndilo litakaloonyesha moshi ni wa nani. Barua ya pili, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iombe matokeo ya vipimo vya bomba la kiwanda hicho. NEMA wana siku 21 za kujibu. Zihesabu kuanzia tarehe ya muhuri. Zikipita kimya, chukua nakala hiyo uipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman.