Somo: Ngumi ya umeme ya Kazuya katika modi yetu ngumu ya Tekken 7

Ndugu wanakijiwe wa Ngamiani na wote mnaoicheza modi yetu, yaani gemu ya mapigano ya Tekken 7 tuliyoibadilisha iwe ngumu zaidi, leo nafundisha pigo moja tu, nalo ni ngumi ya umeme ya Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa gemu hiyo. Nimelichagua kwa sababu katika modi hii kompyuta tunayopigana nayo haisamehe: ukitoa pigo linalokuacha wazi na likakingwa, inakuadhibu papo hapo, ilhali damu yetu, yaani uhai wa mpiganaji wetu, imepunguzwa nusu. Anayebonyeza ovyo hafiki raundi ya tatu.

Tuanze na hesabu. Gemu hii huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Kazuya ana ngumi mbili za kunyanyua ambazo kwa macho zinakaribia kufanana, moja ya kawaida na nyingine ya umeme. Ya kawaida ikikingwa, unachelewa kwa fremu 10, muda unaomtosha mpinzani kukuchapa ngumi ya haraka; ya umeme ikikingwa, wewe ndiye unayemtangulia kwa fremu 5. Tofauti hiyo ya fremu 15, yaani robo ya sekunde, inategemea tu kitufe cha pembetatu kwenye pedi, yaani kidude cha kuchezea unachoshika mkononi, kimeguswa wakati gani.

Hatua ya kwanza ni mfuatano wa mishale: mbele (upande aliko mpinzani), achia, chini, kisha chini-mbele, yaani chini na mbele kwa pamoja. Ufanye kwanza bila kitufe chochote, mpaka Kazuya ainame na kuteleza mbele kila unapotaka. Wengi hukwama kwenye neno «achia». Huburuza kidole gumba kutoka mbele hadi chini bila kukinyanyua, na njiani kinapita kwenye chini-mbele, hivyo gemu inasoma mfuatano mwingine kabisa. Kidole kinyanyuke kweli, mishale yote ibaki huru kwa kitambo kidogo, ndipo kishuke chini.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa somo. Pembetatu lazima iguswe katika fremu ileile ya chini-mbele, si kabla wala baada yake. Ukichelewa kwa fremu moja, inatoka ngumi ya kawaida. Fungua sehemu ya mazoezi, washa orodha ya vitufe inayoonyesha kwenye skrini ulichobonyeza, kisha utazame: mshale wa chini-mbele na pembetatu vikiwa kwenye mstari mmoja, umepata, na utaziona cheche za bluu; mshale ukitangulia peke yake na pembetatu ikafuata kwenye mstari mwingine, kidole cha kulia kimechelewa. Juzi nilikaa karibu na kijana mmoja nikimwangalia mikono. Kidole chake cha kushoto hakikuwa na kasoro, lakini cha kulia kilikuwa kimening'inia juu ya kitufe kama ndege anayetaka kutua, na safari hiyo fupi ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Nilimwambia akilaze juu ya pembetatu tangu mwanzo na abinye tu. Cheche zikaanza kutoka. Msitafute kasi, tafuteni mdundo, kama mpiga dufu ambaye mikono yake miwili hukutana kwenye pigo moja.

Hatua ya tatu: fanyeni hivyohivyo mkiwa upande wa pili wa skrini. Kumi mfululizo kila upande, ndipo muendelee.

Hatua ya nne ni kulitumia pigo lenyewe. Ngumi ya umeme hupiga juu, kwa hiyo anayechuchumaa inampita. Dawa yake si kuirudia, bali kuteleza vilevile na kubonyeza duara badala ya pembetatu, ili Kazuya afagie miguu. Lakini ufagio huo ukikingwa unakuacha wazi kwa muda mrefu mno, na katika modi hii mara nyingi ndio mwisho wa raundi. Mimi hufagia pale tu ninapoona mpinzani amezoea kuchuchumaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makorora: Kaka, nikitazama kulia napata, nikitazama kushoto sipati hata moja. Je, ni pedi?

Jibu: Inawezekana, mdogo wangu. Washa orodha ya vitufe, bonyeza mshale wa kushoto taratibu mara ishirini, uone kama yote imesomwa. Ikiwa imesomwa, tatizo ni mazoea ya kidole, na utahitaji siku kadhaa za upande huo peke yake.

Mwanachama wa Pongwe: Nyumbani runinga inachelewesha picha. Je, ndiyo inayoniharibia?

Jibu: Kwa pigo hili, hapana, kwa kuwa linapimwa kati ya vidole vyako viwili na si kati ya jicho na kidole. Kinachoharibu ni mashine unayochezea isiyofikisha fremu 60, kwani gemu yenyewe hupunguza mwendo na mdundo wako hauendani nayo tena. Punguza ubora wa picha mpaka itulie kwenye 60.

Mwanachama wa Chumbageni: Shikamoo kaka. Kompyuta inapiga hatua kando na ngumi yangu inapita hewani.

Jibu: Marahaba. Angalia vizuri, utaona inaelekea kushoto kwake, nako ndiko Kazuya anakokosa zaidi. Ukiiona imeanza kusogea, usitoe umeme. Piga nawe hatua kando uifuate hadi mtazamane tena, ndipo uteleze.