Mvumo uwani, usianzie kwenye mfuko

Watu wengi wakitaka mvumo uwani, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, wanakimbilia kuotesha kwenye kimfuko cha plastiki, hapo ndo wanapouharibu, maana kokwa ya mvumo haitoi jani kwanza, inashusha kitu kama mzizi mnene chini kabisa na mche unaanzia huko huko, ukija kuuhamisha ushaukata. Panda pale pale unapotaka ukae, masika yakikaribia. Chukua tunda lililoanguka lenyewe, nyama itoe yote, kokwa iloweke siku mbili tatu huku ukibadilisha maji, kisha ifukie kidogo tu. Kule uwandani penye mawe mawe mi naona bora mkoche, nao ni wa jamii hiyo hiyo, jua na upepo wa chumvi unastahamili. Vikonyo vya majani vya miti yote miwili vina miba jamani, weka mbali na watoto, na waya za umeme pia, mvumo unarefuka hasa japo polepole.