Skyrim kwa anayeanza: tembea kwanza, joka litasubiri

Kitinda mimba wetu alinunua laptopu iliyotumika pale Luthuli Avenue, na swali lake la kwanza kwangu likawa Skyrim aanzie wapi. Nikamwambia aje dukani nikifunga. Mimi nashona nguo Umoja. Saa tatu usiku cherehani zikishanyamaza, ndipo naifungua gemu hii, na huu ni mwaka wa sita naicheza. Haya niliyomwelekeza yeye, nakuelekeza na wewe.

Anza na mashine. Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, kisha mwaka 2016 likaja toleo la Special Edition lenye picha nzuri zaidi. Hilo la pili linataka kumbukumbu (RAM) ya 8GB. La zamani linatosheka na 2GB. Kama laptopu yako imechoka, chukua la zamani wala usisikitike. Milima ni ileile.

Gemu inakuanzishia kwenye mkokoteni, mikono imefungwa, mnapelekwa kukatwa vichwa katika mji wa Helgen. Hapo unachagua kabila lako kati ya makabila 10. Usikeshe ukichagua, kwa sababu yeyote anaweza kujifunza chochote: ukipiga upinde, upinde unakua, ukijificha, kujificha kunakua. Mimi hupenda hilo kuliko jambo lingine lolote katika ujenzi wa gemu hii, maana ndivyo mkono wa fundi unavyokua. Joka likishavamia utaambiwa umfuate Hadvar, askari wa dola, au Ralof, mwasi mfungwa mwenzako. Fuata yeyote. Uamuzi huo haukufungi kwa upande wowote wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ukishuka barabara ya kwenda Riverwood utakuta mawe matatu yaliyosimama: la shujaa, la mchawi na la mwizi. Ukigusa moja, ustadi wa aina hiyo unapanda haraka zaidi kwa asilimia 20. Ukibadilisha nia baadaye, rudi uguse jingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana wengi huiharibu gemu hapa. Kila mtu atakuhimiza ukimbie mji wa Whiterun kwa jarl, yaani mtawala wa huko, naye mchawi wa jarl, Farengar, atakutuma kwenye makaburi ya Bleak Falls Barrow ukalete jiwe. Nenda, lete jiwe, lakini usimkabidhi. Ukimkabidhi tu, joka linatokea kwenye mnara wa magharibi, na baada ya hapo majoka yanaanza kukushukia popote nchini. Kabla ya hapo nchi imetulia. Utakosa zile sauti za nguvu za kupigia kelele maadui, kwa sababu zinahitaji roho ya joka, lakini utapata kitu ambacho sijakipata katika gemu nyingine: nafasi ya kutembea.

Juu ya paa la ghorofa yetu, asubuhi ya wazi baada ya mvua, Mlima Kenya huonekana kwa mbali. Nimeuangalia tangu nikiwa msichana na sijawahi kuukanyaga. Katika Skyrim, mlima ukiuona, unaufikia kwa miguu. Fuata mto kutoka Riverwood mpaka Whiterun. Usiku simama uangalie mianga ya kijani ikicheza angani pamoja na miezi miwili. Muziki wa gemu, aliotunga Jeremy Soule, uuache wazi, usiweke wako. Ukiona jitu na mamothi wake (tembo wenye manyoya) uwandani, pita mbali. Halina shida na wewe mpaka ulisogelee, na rungu lake moja hukurusha hadi mawinguni.

Kwa hiyo usitumie ile safari ya ramani ya kubofya ukafika. Ukichoka, panda gari la farasi nje ya miji mikubwa. Mtu anayeruka kutoka mji hadi mji huona vyumba na mapango tu, kisha anasema gemu inarudiarudia. Ni kweli inarudiarudia, ila ni huko ndani.

Nikisema hivyo, nisikufiche kasoro. Kitambaa cha Skyrim ni kizuri na mishono imelegea. Mapigano ni kuzungusha upanga mpaka mmoja aanguke. Kiwango cha ugumu ukikipandisha, adui hawi mwerevu. Anaumiza zaidi na wewe unamuumiza kidogo, basi. Upinde na kujificha vikikutana, kila kitu kinakuwa rahisi: mtu ana mshale kifuani, anatafuta dakika moja, kisha anarudi kusimama palepale. Ndiyo maana nilimwambia mdogo wangu achague mapema kitu ambacho hatakishika kamwe. Yeye aliacha upinde. Mimi huacha uhunzi, kwa sababu uhunzi ukiunganishwa na urogi wa vifaa na utengenezaji wa dawa, hakuna adui anayebaki kuwa tishio.

Vyama vya ndani ya gemu navyo vinaniuma. Katika chuo cha wachawi cha Winterhold unaweza kuwa mkuu wa chuo huku umetumia uchawi mara chache sana. Cheo kinatolewa kama peremende. Ukijiunga, jiwekee sharti lako mwenyewe: usiende kazi inayofuata mpaka uchawi wako umepanda.

Kuna pia hitilafu za kiufundi, na hizi zinahitaji nidhamu. Kisa cha mauaji ya mji wa Windhelm kinajulikana kwa kukwama. Kabla ya kukianza, sevu kando. Usiruhusu picha zipite 60 kwa sekunde, vinginevyo sahani na vikombe vitaruka mezani vyenyewe. Na usitegemee F5, kitufe cha kusevu haraka, peke yake, maana kila ukiibonyeza inaandika juu ya ile ya awali. Aprili moja stima ilipotea laptopu yangu ikiwa katikati ya kusevu, na betri ilikuwa imekufa. Faili ikaharibika, saa kumi na moja za mchezo zikaenda nayo. Nililia, sitakudanganya. Tangu siku hiyo nafungua menyu na kuandika sevu mpya, nabakiza tatu za mwisho, na nyingine naiweka kwenye flashi kila Jumapili.

Jiwe la Farengar mpelekee ukishaiona miji mitatu hivi kwa miguu. Ua joka, kisha utaitwa na wazee wa High Hrothgar, watawa wanaoishi juu mlimani. Anzia Ivarstead, kijiji kilicho chini ya mlima, umchukulie mwanakijiji Klimmek mfuko wake wa chakula cha wazee, maana njia ni yako hata hivyo. Panda ngazi taratibu na usome mawe yote kumi yaliyochongwa njiani. Ukiyamaliza, wanyama hawatakushambulia kwa siku nzima. Karibu na juu kuna zimwi la theluji (frost troll) linalowaua wanaoanza. Beba uchawi wa moto. Linauogopa mwili wake wote.