Nichoree paka wangu nikusuke: namna ya kuchora wanyama wa marafiki kwa kubadilishana mali kwa mali

Kuchora mnyama wa rafiki yako afu akakulipa kwa kazi ya mikono yake badala ya hela inawezekana kabisa hapa kwetu Mtwara, maana vipaji tunavyo ila hela ndo haipo, sanasana kabla ya minada ya korosho. We unajua kuchora, mwenzio anajua kusuka, mwingine fundi cherehani, mwingine anabangua korosho nyumbani. Basi mnabadilishana. Ila kubwa la kushika ni hili: unachora paka WAKE, sio paka tu.

Makubaliano yawe kabla hujashika penseli. Ile "we nichoree tu tutaelewana" ndo inayogombanisha watu. Semeni saizi, A4 au A3, penseli au rangi, mnyama mmoja au wawili (wawili ni kazi mara mbili jamani, wengi hawalijui hili), fremu anatoa nani, na wewe unapewa nini na lini. Mi napima kwa masaa, sipimi kwa bei ya dukani, picha ya A3 ya penseli ukiifanya kwa utulivu inaweza ikala masaa sita mpaka nane na rasta ndogondogo nazo zinakula siku nzima, kwa hiyo hapo mmelingana hakuna anayemdai mwenzie. Andikeni WhatsApp hata mistari miwili. Kama malipo ni korosho chukua zilizobanguliwa, ghafi achana nazo, zile zinatakiwa zipite chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza kupitia ghala), mkipeana huko mtaani watu wataita kangomba, yaani biashara ya korosho ya magendo, na mtajiletea shida bure.

Halafu picha ya simu, hapa usikubali ubabaishaji. Watu wanampiga paka picha wakiwa wamesimama, inatoka kichwa kikubwa na miguu midogo, sasa utachora nini hapo? Mwambie achuchumae mpaka simu ilingane na macho ya mnyama, asubuhi au jioni, kivulini karibu na mlango mwanga utokee upande mmoja. Fleshi azime, macho ya paka na mbwa yanarudisha mwanga, yatatoka yanawaka na rangi yake halisi hutaiona. Mnyama akiwa mweusi, mpigaji aguse uso wa mnyama kwenye skrini aongeze mwanga kidogo mpaka manyoya yaonekane. Na picha aitume kama dokumenti, ikitumwa kawaida WhatsApp inaibana inapoteza ubora.

Ukishapata picha muulize mwenyewe: paka wako ukimkuta kwenye kundi la paka Mikindani pale ufukweni wavuvi wakishusha samaki, utamjuaje? Atakwambia sikio la kushoto limechanika, au ana doa jeupe chini ya kidevu, au jicho moja analikunja hivi. Andika hayo yote. Hapo ndo penye roho ya kazi, unaweza ukakosea mkia kidogo na mtu asione, ila ukisahau lile sikio atakwambia huyu sio wa kwangu, na atakuwa na haki. Hata mbwa wa shamba wa rafiki aliyeko Newala, anayefukuza nyani na nguruwe pori, ana makovu yake, usimsafishe akawa mbwa wa kalenda.

Kuchora kwenyewe, kama mkono haujazoea tumia viboksi. Printi picha steshenari, 10 kwa 15 sentimita, piga mistari kila sentimita 1, afu kwenye manila ya saizi ya A3 piga viboksi hivyohivyo vya sentimita 2, utapata 20 kwa 30 na pembeni nafasi ya fremu inabaki. Mistari ya manila iwe myepesi sana kwa penseli ya HB, utaifuta. Jaza boksi kwa boksi, anza na macho na pua, yakikaa sawa vingine vinafuata. Ule mng'ao mdogo ndani ya jicho uache karatasi nyeupe, usiuguse, bila huo mnyama anakuwa kama amekufa. Mboni ya paka kwenye mwanga mkali ni mstari mwembamba, sio duara. Manyoya yafuate yanakoelekea, kutoka puani kwenda nyuma, mistari mifupi usoni mirefu mgongoni, penseli ya 2B kwanza kisha 6B iliyo nyeusi zaidi kwenye giza. Paka mweusi usimkandamize weusi mtupu, acha sehemu zinazong'aa. Chini ya mkono weka karatasi safi, jasho la huku linachafua kazi.

Ukipenda rangi, mchoraji Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru hapo jirani mwaka 1932, alichora wanyama kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli kwenye hadibodi, na kwa pwani yetu naona ni njia nzuri kweli maana haiogopi unyevu kama karatasi inavyouogopa.

Karatasi inataka fremu. Mwambie fundi vioo aweke kipande cha kadi pembeni ili mchoro usigusane na kioo, vikigusana masika inashikana na kioo na ukungu unaingia. Usiitundike ukuta wa nje unaonyeshewa.

Kabla hujakabidhi mtumie picha ya kazi, mruhusu marekebisho ya mara moja, hilo nalo mliseme mwanzoni. Kama mnyama ameshakufa, mi nakushauri usidai kitu, mchoree tu. Nyuma ya karatasi andika jina la mnyama na mwaka kwa penseli, wino ukipata unyevu unapenya mpaka mbele.